Ngoja Nimalize Mshono Huu

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu ameondoka jana kwenda kwenye mafunzo ya ukunga, miezi mitatu kamili, na ameniachia vitu vitatu: binti yake, simu ya kumpigia, na sharti. Sharti lenyewe ni kwamba niandike. "Dada, niandikie siku za mwanangu, nikirudi nisiwe mgeni kwake. Na uandike ukweli. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Nimekubali, nani amkatalie mtu aliyeshika begi mlangoni? Naandika kwenye daftari la oda la mwaka juzi lililobaki nusu. Kwa hiyo, mdogo wangu, ukikuta "suruali mbili, kaki, pindo nene" juu ya ukurasa, usidhani nimerukwa na akili.

Binti ana miaka kumi na moja. Tunamwita Pini kwa sababu ni mwembamba na anachoma. Amelia kidogo, amekunywa chai, kisha ameniuliza kwa nini vitufe vyangu vimepangwa hovyo. Tutaelewana.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Pini ameongea na mama yake kwa simu nusu saa. Sijui walikuwa na nini cha kusema, maana hata wiki haijapita.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimeaibika dukani kwangu mwenyewe. Duka ni kile chumba cha mbele: cherehani dirishani, meza ya kukatia katikati, benchi la wateja ukutani, na pembeni Bi Kimya, sanamu langu la kushonea sare. Ni saizi ya mtoto, hana kichwa wala mikono, amesimama juu ya chuma kimoja. Nilimpa jina hilo kwa kuwa ndiye pekee humu asiyelalamika kwamba nguo inambana.

Mpishi wa shule alikuja kupimwa gauni. Mimi nikapima, Pini akaandika. Alipomaliza, akasoma kwa sauti ya mlinda lango: "Kiuno arobaini na nne na nusu!" Benchini walikuwepo watu watatu. Mpishi alinywea, akasema atarudi siku nyingine, na mimi namjua, hatarudi.

Walipoondoka nilimketisha mwenzangu.

"Vipimo vya mtu ni siri yake," nikamwambia. "Mimi naviona kwa sababu amenikabidhi. Havisomwi kwa sauti, havionyeshwi mtu, hata mumewe akija kuuliza simwambii. Ukimaliza kuandika, daftari unalilaza kifudifudi."

"Na yeye mwenyewe akivisahau?"

"Atapimwa upya."

"Na vya Bi Kimya?"

"Bi Kimya hana siri. Huyo mtangaze hata redioni."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa bado na hasira, lakini nikacheka pia.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Bobini, ile ya uzi wa chini, imepotea. Ilikuwa mfukoni mwangu.

Jumamosi, 15 Machi

Yule kijana fundi simu, tunayepakana naye ukuta, amemwekea Pini gemu kwenye simu. Tunamwita Betri, kwa sababu umpelekee simu iliyovunjika, iliyozama, hata iliyokanyagwa na gari, atakwambia ni betri tu. Simpendi sana. Anapiga muziki asubuhi, anaweka viatu juu ya kiti, na watoto wa mtaa mzima wamejazana kibandani kwake kama nzi kwenye kikombe cha chai.

Gemu lenyewe, nasikia, ni la kujenga maduka. Kila mtoto ana duka lake, anavalisha wanasesere wake, na watoto wengine kutoka huko waliko wanakuja kutembelea na kuzungumza kwa maandishi. Pini amefungua duka la nguo. Damu haipotei. Alitaka nilione, nikamwambia ngoja nimalize mshono huu. Nilipomaliza, alikuwa amelala juu ya vitambaa.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua siku ya tano. Nguo hazikauki, wateja hawaji, na mimi nashona sare za muhula kwa kubahatisha.

Pini ana rafiki kwenye gemu. Anajiita Dada Pambo, na anasema ana miaka kumi na mitatu. Amemzawadia Pini kioo cha duka, pazia, na taa zenye rangi. Pini alinieleza yote hayo huku nikitia kola. Nilisema, "Vizuri, mshukuru." Mtoto ambaye mama yake hayupo amepata rafiki, nani alalamike? Halafu akaanza, "Lakini Mama Mkubwa, anauliza uliza..." nikamwambia ngoja nimalize mshono huu, kola ikipinda nimekwisha. Kola haikupinda. Sikumuuliza tena.

Jumamosi, 29 Machi

Leo nimefurahi. Pini ameniomba nimpime. "Vyote," alisema, "kama mteja." Nikamsimamisha mbele ya kioo, mikono kando, nikampitishia tepu. Bega kumi na moja na nusu, kifua ishirini na tano na nusu, kiuno ishirini na mbili na robo, nyonga ishirini na saba na nusu. Amekua inchi nzima tangu mwaka jana, na yote imekwenda miguuni.

"Mbona kila mahali kuna nusu?" akauliza.

"Kila binadamu ana nusu yake mahali," nikamwambia. "Asiye na nusu ni Bi Kimya peke yake, kwa kuwa katoka kiwandani. Ukikuta vipimo vimenyooka tu bila nusu wala robo, jua aliyepima alikuwa na haraka, au aliyepimwa si mtu."

Akaomba apige picha ule ukurasa wa daftari. "Piga," nikasema, "mtumie mama yako aone unavyorefuka." Nilikuwa najidai kweli. Nilisema moyoni, haya, kazi imepata mrithi.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua imepungua asubuhi, imerudi mchana. Vitufe vya bluu vimekwisha.

Jumapili, 6 Aprili

Pini hali vizuri. Anaweka simu chini ya mto, na ikilia anashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Nimemuuliza, amesema tumbo. Nimempa maji ya moto na kumwambia asikae sana kwenye baridi. Nadhani anamkumbuka mama yake. Mimi pia namkumbuka, ila sina tumbo la kusingizia.

Alikuja dukani alasiri, akasimama karibu na mkono wangu. "Mama Mkubwa, mtu akikupa zawadi halafu anazitaka..." Nikamwambia ngoja nimalize mshono huu. Aliondoka kabla sijafika mwisho.

Ijumaa, 11 Aprili

Pini amejitoboa kidole, ametia damu kwenye shati jeupe la mtoto wa mwalimu mkuu. Nimemfokea zaidi ya shati lilivyostahili. Baadaye akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama mteja akighairi nguo vipimo vyake huwa navichoma. Nilimjibu sichomi, hukaa daftarini. Akasema, "Aa." Alikuwa na neno jingine, nililiona mdomoni. Mguu wangu ulikuwa juu ya kanyagio, nikasema yale yale ninayosema siku zote.

Jumatatu, 14 Aprili

Mdogo wangu, hapa ndipo ninapotamani nisingekupa ahadi ya kuandika ukweli.

Pini alikuwa shule. Simu huiacha nyumbani, juu ya meza ya kukatia. Saa tano ikaanza kulia, mara moja, mara mbili, mara sita. Nikadhani ni wewe. Nikaichukua, na kwenye kioo chake nikasoma maneno haya:

"Ile picha si wewe. Nataka wewe mwenyewe, bila sare. Usimwambie yule mama mkubwa wako. Ni siri yetu. Usipotuma leo nafuta duka lako lote, na shule yako naijua."

Nilisoma mara tatu. Mvua ilikuwa inapiga bati na sikuisikia. Kitu cha kwanza nilichotaka ni kuitumbukiza ile simu kwenye ndoo. Cha pili kilikuwa kufuta kila kitu, maneno yote, gemu lote, mtoto asiyaone tena. Cha tatu ndicho nilichofanya: nilivuka kwenda kwa Betri na pini zangu bado kifuani, nikamtupia simu mezani mbele ya wateja wanne.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyemwekea mtoto uchafu huu. Nani mwingine anajua mimi ni mama yake mkubwa? Nani anajua shule yake? Ni wewe."

Maneno mengine niliyosema siyaandiki, ingawa niliahidi ukweli. Wateja walitazama chini. Betri alichukua simu, akasoma, akashusha viatu vyake kwenye kiti polepole. Hakunijibu tusi hata moja. Aliwaomba wateja watoke, akafunga mlango wa kibanda.

"Mama Fundi," akasema, "umefuta chochote?"

"Nilikuwa nataka kufuta."

"Usifute. Usimjibu pia. Ukifuta, umemfutia yeye nyayo." Akaiweka simu mezani. "Mdogo wangu wa kike yalimpata mambo kama haya. Baba alipojua, akafuta kila kitu kwa hasira, akavunja na simu. Tulipokwenda polisi hatukuwa na cha kuonyesha. Yule mtu hakupatikana mpaka leo."

Nilikaa kwenye kile kiti chake. Akaniambia kosa lake yeye: aliweka gemu, lakini hakufunga ule mlango unaoruhusu mtu yeyote asiyejulikana kumwandikia mtoto. "Nilipaswa kuufunga. Nilikuwa na foleni." Nikamwambia hata mimi nina foleni kila siku.

Pini alirudi saa tisa, amelowa. Nilikuwa nimepanga kuongea kwa upole. Nilifungua mdomo na sauti iliyotoka ilikuwa ya kumfukuza mwizi. "Umemtumia nini yule mtu? Umemtumia nini?" Alitazama simu mkononi mwangu, akarudi nyuma mpaka akagota kwa Bi Kimya, akasimama nyuma yake.

"Utachukua simu," akasema. "Sitaongea na mama tena."

Hayo tu. Hajasema neno jingine tangu hapo, na chakula hajala. Na mimi nimekaa nikitazama daftari la vipimo, kwa kuwa nimekumbuka. Tarehe ishirini na tisa. Nilimsimamisha mbele ya kioo. Nilimpitishia tepu kwa mikono yangu, nikaandika kwa kalamu yangu, nikamwambia piga picha. Huyo mtu alitaka mwili wa mtoto, na mimi ndiye niliyemwandikia kwa inchi, na robo juu yake. Wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi sikumchelea hata kidogo, na nalia vilevile.

Jumanne, 15 Aprili

Naandika jioni. Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi tulikwenda polisi, kwenye dawati la watoto, mimi, Pini, na Betri aliyebeba simu kama yai. Chumba kilikuwa kidogo, kina meza moja na viti vya plastiki, na picha za wanyama ukutani zilizobandikwa na mtu asiye na macho ya kunyoosha. Afande mwenyewe ni mama wa makamo. Kitufe cha pili cha shati lake kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, nikajisemea huyu anajishonea mwenyewe, basi ana subira.

Alivuta kiti akakaa usawa wa Pini, si nyuma ya meza.

"Kabla ya yote," akamwambia, "wewe hujafanya kosa. Tuelewane hapo kwanza. Kosa ni la huyu mtu mzima."

"Si mtu mzima," Pini akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu jana. "Ana miaka kumi na mitatu."

"Amekwambia yeye?"

Pini akaitazama simu. Nililiona lile wazo likimwingia. Nilitamani kumshika mkono, lakini sikujua kama angeniachia, kwa hiyo nikaushika mkoba wangu.

Afande akaanza kusoma tangu mwanzo, na sisi tukitazama. Mdogo wangu, ilikuwa kazi nadhifu, na nasema hivyo kama fundi anayeitambua kazi ya mtu aliyeirudia mara nyingi. Kwanza sifa za duka. Kisha zawadi. Kisha unapenda rangi gani, nyumbani mchana anakuwepo nani, mama yako anarudi lini. Shule hakuiuliza. Pini alikuwa ameichora nembo ya sare yetu kwenye nguo za wanasesere wake, vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha. Halafu, tarehe ishirini na nane Machi: nitakushonea gauni la kwenye gemu, nipe vipimo vyako vyote, liwe saizi yako kamili.

"Gemu halihitaji kiuno cha mtu," afande akasema, bila kuinua macho. Halafu akasema, "Alijibiwa kesho yake. Vipimo vilitumwa. Na wiki moja baadaye, picha."

Afande hakusoma kwa sauti, namshukuru kwa hilo. Alinigeuzia simu nisome mwenyewe.

Bega 12. Kifua 26. Kiuno 24. Nyonga 28.

Nikasoma tena. Nikatafuta nusu. Nikatafuta robo. Nikarudi juu nikashuka kwa kidole, kama ninavyokagua mshono. Hakukuwa na nusu popote.

Nilianza kucheka. Betri alinishika bega, akidhani nimepatwa na jambo.

"Huyu si mtoto wangu," nikamwambia afande. "Huyu ni Bi Kimya."

"Bi Kimya ni nani? Anaishi wapi?" Akachukua kalamu.

"Anaishi dukani. Hana kichwa."

Ilibidi Betri aeleze, mimi nilikuwa siwezi. Afande akafungua ile picha. Ni gauni la sare la bluu, lile ninalomshonea Pini, pindo bado lina pini, na juu ya shingo hakuna kitu ila ukuta wangu wenye kalenda. Pembeni chuma cha kusimamia kimejitokeza, hata hakikufichwa vizuri. Huyo mtu alikuwa amekaa siku tisa akiomba, akibembeleza, mwisho akitisha, na mkononi alichonacho ni sanamu la kiwandani.

"Kwa nini ulimtumia sanamu?" afande akamuuliza Pini taratibu.

Pini alinitazama mimi, si afande. "Vipimo vya mtu ni siri yake. Mama Mkubwa alisema havionyeshwi mtu. Lakini Bi Kimya hana siri."

"Na ule ukurasa uliopiga picha?" nikauliza.

"Nilitaka kumtumia. Halafu nikaona umelaza daftari kifudifudi. Nikamtumia mama peke yake. Si ulisema nimtumie mama?"

Nililia mbele ya afande na mbele ya kijana niliyemtukana jana. Pini akaja mwenyewe, akaniegemea ubavuni, akaniambia nisimloweshe. Hata hivyo hakuiachia nguo yangu. Siku tisa za kuogopa hazitoki kwa kicheko kimoja.

Afande alituacha tumalize, kisha akatueleza yaliyobaki. Simu ibaki kwake mpaka kesho, wachukue kila neno. Nembo ya shule ifutwe. Mwalimu mkuu aambiwe, na Pini asitembee peke yake kwa sasa. Wenye gemu wataandikiwa. "Na usimpige, usimnyang'anye simu kwa adhabu," akaniambia. "Mtoto akiadhibiwa kwa kusema, mara ya pili hasemi. Mngefuta yale maneno, leo ningekuwa naandika hadithi tu."

Tuliporudi nilichemsha chai, nikamuuliza Pini swali lililokuwa linanila tangu jana. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Lini?"

"Nilianza. Ulisema ngoja umalize mshono."

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayetaja saa. Nimefungua kurasa za nyuma za daftari hili ili nimthibitishie kwamba si kweli. Tarehe ishirini na moja Machi ipo. Tarehe sita Aprili ipo. Kumi na moja ipo. Hata ya kumi na tano Machi ipo, alipotaka tu kunionyesha duka lake. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, na kola haikupinda.

Nimemwita, nimemwahidi. Kuanzia leo akisema "nina jambo," cherehani itasimama hapo hapo ilipo, hata kama sindano iko ndani ya kitambaa cha bi harusi. Amenitazama kwa wasiwasi, kama anavyotazama hariri ya bei rahisi.

Jumatano, 16 Aprili

Nimekupigia. Unajua tuliyosema, kwa hiyo sirudii. Nitaandika tu kwamba ulipoanza kusema unaacha mafunzo na kurudi, aliyekuzuia hakuwa mimi. Pini alichukua simu akakwambia, "Mama, usirudi, Bi Kimya ndiye aliyepigwa picha, mimi sijapigwa." Mkacheka wote wawili mkiwa mnalia, nami nikatoka nje, nikasimama mvuani kidogo bila sababu.

Simu ni yake tena. Inatumika dukani, kwenye meza ya kukatia, mahali ninapoiona. Betri amefunga mlango wa wageni: kwenye gemu Pini anaandikiana na wale tu tunaowajua kwa sura.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimekwenda kumwomba Betri radhi. Nilisubiri kibanda kijae kwanza. Nilimkosea mbele za watu, sikutaka kumwomba radhi uchochoroni. Nilisema yote, kwamba nilimshuku bure na yeye ndiye aliyenishika mkono nisiharibu ushahidi. Kijana wa watu aliona haya kuliko mimi.

"Mama Fundi," akasema, "ilikuwa betri tu iliisha."

Nimempimia suruali mbili. Daftari nimelilaza kifudifudi.

Ijumaa, 25 Aprili

Afande amezungumza na wazazi shuleni. Mpishi alikaa karibu nami. Tulipotoka akaninong'oneza kwamba mwanawe naye ana rafiki wa gemu mwenye zawadi nyingi, na leo hii anakwenda kumuuliza. Akasema pia atarudi kwa lile gauni.

Jumamosi, 3 Mei

Pini anaamka mara moja tu kuniuliza kama mlango umefungwa. Wiki iliyopita ilikuwa mara tatu. Leo amekula sahani yote na robo ya yangu.

Ijumaa, 9 Mei

Afande amepiga simu. Dada Pambo ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu, katika mji mwingine, na sasa yuko mikononi mwao. Wameona watoto wengine wawili aliokuwa akiwaandikia, wamewafikia kabla hayajawa makubwa, na yale maneno ambayo hatukuyafuta ndiyo yaliyowafikisha huko.

Nilimwambia Pini. Aliuliza, "Wale wengine wana Bi Kimya?" Nikamwambia hawana. Kisha akasema basi ni vizuri waliwahiwa.

Alhamisi, 15 Mei

Jua siku nzima. Nimeanika kila kitu, hata mapazia ambayo hayakulowa.

Alhamisi, 22 Mei

Mpishi amekuja. Pini ameandika, hakufungua mdomo. Gauni litatoka zuri.

Jumamosi, 31 Mei

Kesho unafika, mdogo wangu. Mvua imekwisha wiki hii na barabara imekauka, kwa hiyo huna kisingizio cha kuchelewa.

Nakushonea gauni la kupokelewa. Alasiri nilikuwa kwenye kola, mahali pabaya kuliko pote, pale inapogeuka. Pini alikuwa mezani akipanga vitufe kwa rangi, jambo alilolitaka tangu siku ya kwanza. Nikamsikia nyuma yangu.

"Mama Mkubwa, nina jambo."

Nikaondoa mguu. Nikashika gurudumu kwa kiganja, cherehani ikasimama na sindano ndani ya kitambaa. Nikageuka na kiti kizima.

"Sema," nikamwambia. "Nakusikiliza."

Alinitazama, akaitazama sindano, akanitazama tena.

"Hakuna," akasema. "Nilitaka nione kama itasimama."

Akarudi kwenye vitufe vyake, akaanza kuimba chini chini. Mimi nilibaki nimekaa hivyo kwa muda, nimeipa cherehani mgongo.

Kwa hiyo, ukivaa gauni lako, utaona kwenye kola, upande wa kushoto, mshono umeruka kidogo na kupinda. Naujua. Usiniletee nirekebishe.